Ndengu Katika Maganda

Jumatano alasiri Veronicah Kaari alirudi kutoka Majengo akiwa na koti la mwalimu Gitari mkononi, na hakika moja kichwani: mwenye koti hakuwahi kufika huko.

Alilitandaza juu ya meza ya wakili Munene, palepale penye karatasi zake, naye wakili akanyanyua kikombe cha chai kulipisha. Lilikuwa koti la kahawia, la mtu mrefu. Mama yake Gitari ndiye aliyeongeza kitambaa kwenye mikono yake, kwa kuwa madukani hakuna koti linaloshonwa kwa mtu mwenye mikono kama ile.

“Muuza nyama wa karibu na msikiti alimwona aliyelivaa,” Veronicah alisema. “Ni kweli Jumamosi jioni alishuka mtu kutoka kwenye matatu, akazunguka akijitaja kuwa mwalimu Gitari wa Embu, anatafuta chumba. Lakini mikono ya koti alikuwa ameikunja na kuikunja tena.”

“Mfupi.”

“Mfupi, na mwenye haraka. Asubuhi yake koti lilikuwa limeshafika kwa muuza mitumba. Mtu aliyetoka mikononi mwa polisi hatembei akitangaza jina lake, wakili. Huyo alitumwa aonekane.”

Munene aliitikia kwa kichwa polepole. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini Meru, na mpelelezi wake alikuwa mmoja, huyu Veronicah, ambaye watu walimwita Mama Linda. Kabla ya kuja kwake alikuwa sajini wa polisi kwa miaka mingi, na alijua jinsi vituo vinavyofikiri kama vile mpishi anavyoijua sufuria yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Gitari alifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, katika vilima vya juu ya Runyenjes. Wanafunzi wake walikuwa akina mama wa mashamba ya chai na wazee wachache waliochoka kutia kidole gumba mahali pa sahihi. Mwaka huo wa 1998 walimaliza kitabu cha kusomea, cha pili hakikupatikana, basi mwalimu akaanza kuwasomesha Katiba. Walikutana Jumamosi kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa. Chifu akaja akauliza leseni ya mkutano iko wapi. Gitari akamjibu kwa upole kwamba leseni za mikutano zilifutwa na Bunge mwaka uliotangulia, na tena hilo lilikuwa darasa. Chifu hakupenda kufundishwa mbele ya wanafunzi. Mchana uleule Landrova ya kituo cha Ndatuni ikaja kumchukua mwalimu.

Katiba ileile aliyokuwa akiwasomea ilisema kwamba mtu aliyekamatwa kwa kosa kama lile apelekwe mbele ya hakimu kabla siku haijageuka. Hakupelekwa. Inspekta Njoka, mkuu wa kituo cha Ndatuni, aliwaambia jamaa kwamba alimwonya tu na kumwachilia, na kwamba walio na macho walimwona akielekea Meru, ambako ana mwanamke Majengo. Wakili Munene akaenda Mahakama Kuu. Jaji akatoa ile amri ya zamani, iliyo kongwe kuliko polisi wote: yeyote aliye na mtu huyu amlete mbele yangu Ijumaa asubuhi, na aniambie amemfunga kwa sheria gani. Inspekta alijibu kwa hati ya kiapo. Aliapa kwamba hakuwa na mtu huyo.

“Sasa koti limetuonyesha kwamba anadanganya,” wakili alisema. “Lakini halituonyeshi Gitari. Ijumaa nikisimama bila kujua yuko wapi, jaji ataniuliza amri yake aielekeze mlango gani. Hawezi kumfungua mtu ambaye hakuna anayekubali kumfunga. Kesi itatupwa, na wao watapata wakati wote wanaoutaka.”

“Wakati wa nini?”

“Wa vidonda kupona. Sioni sababu nyingine ya kumficha.”

“Na kama haviponi?”

Wakili alimsogezea kile kikombe cha chai, ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakionja, kwa maana aliona midomo ya mwenzake imekauka kwa vumbi la Majengo.

Alhamisi asubuhi Veronicah aliendesha pikapu ya wakili hadi Runyenjes, akapanda vilima. Baridi ya Julai ilikuwa imelala juu ya majani chai kama mtu asiyetaka kuamka. Alimkuta Wanjira, mama yake Gitari, jikoni kwake juu ya kigoda, ungo mapajani, akipukuchua maganda. Macho yake yalisema hajalala, lakini alikuwa ameosha uso na kujifunga kitambaa safi kwa ajili ya mgeni.

“Kaa hapa penye moto, Mama Linda,” alisema. “Kula kwanza. Mwenye njaa husikia nusu ya maneno.”

Akampa bakuli la ndengu na chapati iliyobaki jana. Veronicah akala, na huku anakula akamwomba asimulie tena mambo yote tangu Jumapili, polepole, hata yale anayoyaona ya kipuuzi.

Wanjira akasimulia. Jumapili alibeba chakula hadi Ndatuni, mukimo wa viazi vilivyopondwa katika bakuli lenye kifuniko na kibuyu cha uji, vyote ndani ya kiondo chake, kikapu cha kusuka. Kwenye kaunta wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo, aende zake. Akatoka, lakini miguu ikakataa kwenda nyumbani, akakaa nje ya lango. Baadaye dereva wa Landrova, Mmeru mmoja mwenye mvi anayeitwa Mutugi, alimjia, akatazama nyuma kuelekea ofisini, kisha akanyoosha mkono.

“Alisema nini?” Veronicah aliuliza.

“Aliniita bibi yake. Alisema, nipe, cucu, uende nyumbani usiumizwe na baridi. Basi, nikampa.” Mama akacheka kidogo bila furaha. “Nikajua wanaenda kukila wao. Hata polisi ana tumbo.”

Veronicah aliacha kutafuna. Polisi anayetaka mukimo wa mtu huuchukua pale pale kaunta na kuomba chumvi, hatazami nyuma. Na mtu aliyeachiliwa Jumamosi hahitaji kupelekewa chakula Jumapili. Dereva yule alijua kuna kinywa mahali kinachongoja.

“Na kiondo hukukiona tena?”

“Kile pale ukutani.”

“Kilirudi?”

“Jumanne, siku ya soko. Niliitwa pale kwenye mashine ya kusaga unga. Mwenye mashine alikikuta mlangoni. Kiondo changu kila mtu anakijua.”

Veronicah alikishusha. Bakuli ndani yake lilikuwa limesuguliwa kwa majivu likang’aa, hata kifuniko kwa ndani. Mtu aliyeliosha hakuwa na haraka, au alikuwa na heshima. Kamba ya ngozi na kitako cha kiondo vilikuwa na vumbi jeusi. Alilisugua kwa kidole, akanusa. Makaa.

“Kilirudi kitupu?” aliuliza.

Wanjira alimtazama kana kwamba amesikia swali la mtoto. “Kitarudije kitupu? Nani amekosa adabu hivyo?” Akainua ungo. “Kilirudi na hizi.”

Ndani ya ungo mlikuwa na ndengu, nyingine zimeshapukuchuliwa, nyingi zikiwa bado katika maganda yake membamba meusi. Maganda mengine yalikuwa na vikonyo ambavyo havijakauka.

Huko kwao, Embu na Meru, ukipelekewa kitu katika kiondo hukirudishi kitupu. Utatia viazi, au ndizi, au hata konzi ya chumvi, na anayepokea hataona ajabu, kama vile asivyoona ajabu mtu akijibu salamu. Ndiyo maana mama huyu, mwenye uchungu wote ule, hakujiuliza. Tangu Jumanne alikuwa ameketi jikoni akipukuchua ushahidi na kuupika, na Veronicah mwenyewe alikuwa ameshameza nusu bakuli.

Alichukua ganda moja akaligeuza mkononi.

“Mama, hapa juu kuna mtu anayepanda ndengu?”

“Katika baridi hii? Zitaoza kabla ya kutoa maua.”

“Na sokoni huwa zinaletwa hivi, na maganda?”

“Nani atabeba maganda mlima wote huu? Zinaletwa safi, kwa gunia, zinapimwa kwa kopo.” Mikono ya Wanjira ilisimama juu ya ungo. “Hizi zimetoka shambani kwa mtu.”

“Shambani kwa mtu wa Mbeere, chini kule kwenye joto. Aling’oa alichokuwa nacho karibu, kwa haraka, kwa sababu lori la makaa lilikuwa linaondoka.” Veronicah aliweka ganda chini. “Asingethubutu kutuma neno, mama. Neno lingeweza kumponza. Lakini bakuli lilisafishwa, na ndani yake kulikuwa na mukimo wako. Mwanao alikula.”

Wanjira hakulia. Alifunika ungo kwa kitambaa taratibu, kama anayefunika mtoto, kisha akaongeza ndengu nyingine kwenye bakuli la mgeni na kumwambia amalize, njia ni ndefu.

Pale kwenye mashine ya unga Veronicah hakuuliza habari za kiondo. Aliuliza ni lori gani lililoshusha makaa Jumanne, akaonyeshwa la Gachoki, lililokuwa limeegeshwa nyuma ya soko na mwenyewe akiwa chini yake, akifunga kitu kwa waya. Alipojitambulisha, Gachoki alitoka nusu, uso mweusi kwa masizi.

“Mama, mimi sijui mambo ya serikali,” alisema. “Mimi ni wa makaa.”

“Basi nakuuliza ya makaa. Jumanne ulipakia wapi?”

Gachoki alifikiri kana kwamba hilo nalo lina mtego. “Mutharara. Nyuma ya kambi ya askari wa utawala.”

“Na kiondo ulichokiacha kwa mashine?”

Gachoki akarudi chini ya lori hadi ikabaki miguu tu. “Kiondo gani? Sikukiona,” sauti ilisema kutoka huko. “Na huyo mama ni mtu mzuri. Sitaki asumbuliwe.”

Veronicah alimshukuru kwa kutoona, akaondoka.

Njia ya kwenda Mutharara ilishuka kutoka kwenye kahawa hadi kwenye miiba, na kabla ya adhuhuri alikuwa amevua sweta. Mashamba ya pande zote yalikuwa yamejaa mawele na ndengu. Baada ya mvua za El Nino mwaka ule Mbeere ilikuwa imeshiba. Alikuwa na nakala ya amri ya jaji yenye muhuri, hati ya kiapo ya Inspekta Njoka, na karatasi moja zaidi aliyopewa na wakili. Alikuwa pia na jambo moja la kuchunga. Kuna mtu kule, huenda mwanamke, aliyefanya wema, na wema wake usiwe ndiyo kosa lake. Habari za ndengu hazingetajwa.

Kambi ilikuwa nyumba chache za bati za mviringo na ghala moja la mawe. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli mpya, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Uani mwanamke mmoja alikuwa akipiga ndengu kwa fimbo juu ya turubai. Veronicah alimsalimu kama unavyomsalimu mtu usiyemjua, kisha akampa mgongo ili macho yao yasije yakasema kitu.

Mkuu wa kambi, Koplo Runji, alikuwa ameketi kivulini mwa ghala akishona mkanda wa kiatu. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye uso usiofaa kwa uongo.

“Habari ya kazi, Koplo.”

“Nzuri. Umepotea, mama?”

“Sijapotea. Natoka Mahakama Kuu ya Meru na nimekuletea amri ya jaji. Ni habari za Gitari, mwalimu wa ngumbaru. Unaye.”

“Hii ni kambi ya utawala. Hapa hatuweki mahabusu.”

“Na kufuli ile mpya?”

“Mahindi ya msaada. Watu wanaiba.”

“Mwaka huu Mbeere nzima inakula na kusaza. Serikali inamsaidia nani?”

Runji aliweka kiatu chini. “Nani amekwambia yuko hapa?”

“Inspekta Njoka.”

“Inspekta?”

“Ameapa kwamba hayuko kwake. Ukifunga mlango mmoja, unaonyesha mwingine. Soma mwenyewe.”

Alimpa hati ya kiapo. Koplo alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na Veronicah alimngoja bila kumsaidia, kwa maana mtu huamini zaidi alichokisoma mwenyewe. Kidole kilipofika mahali fulani kilirudi nyuma, kikaanza upya. Hapo palisema kwamba Inspekta hakumkabidhi Gitari kwa askari yeyote, wa polisi wala wa utawala, na kwamba ikiwa yupo askari anayemshikilia mtu huyo, basi anafanya hivyo bila amri yake wala habari yake.

“Ameapa hivi?” Runji aliuliza.

“Mkono juu ya Biblia.”

Fimbo iliendelea kupiga turubai nyuma yao. Koplo alikunja karatasi kwa uangalifu, akaikunjua tena.

“Mimi ni mtu wa chini,” alisema. “Mtu wa chini akiambiwa shika, anashika. Hata kama ingekuwa hivyo, na nasema kama, kosa langu lingekuwa nini?”

Veronicah alitoa ile karatasi ya tatu. “Mwaka jana nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga mateso. Kuna mstari ndani yake ulioandikwa kwa ajili ya koplo. Unasema amri ya mkubwa haiwezi kutajwa kuwa sababu ya kumtesa mtu. Kokote, hata wakati wa vita.” Akaiweka juu ya ile ya kwanza. “Lakini wewe hata amri huna. Mkubwa wako ameapa hakukupa. Mtu akipatikana nyuma ya kufuli hiyo, Koplo, atakuwa wako peke yako, pamoja na kila kidonda alicho nacho.”

“Mimi sikumpiga,” Runji alisema.

Maneno yakakaa hapo kati yao. Koplo aliyasikia baada ya kuyatoa, akafungua mdomo kuyafuata, akaufunga.

“Nasema mimi sipigi watu,” alimalizia kwa sauti ndogo.

Fimbo ilinyamaza. Yule mwanamke alikuja akiwa na bakuli la uji mkononi, uji umefanya ngozi juu. Hakumtazama Veronicah. Alimwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempa habari za ndama mgonjwa, “Baba Mwaniki, uji wa asubuhi hajaunywa. Na mwili umekuwa moto kuliko jana.”

“Nani alikuuliza, Wanjugu?”

“Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nasema.”

Veronicah alikuwa amehoji watu katika vyumba vingi, na hakukumbuka shahidi aliyejitokeza vizuri kuliko huyo. Yeye alikuja na hila zake za kumficha mama huyu, na mama mwenyewe hakutaka kufichwa. Koplo alimtazama mkewe. Kisha akavuta ufunguo kutoka shingoni.

Gitari alikuwa amelala juu ya magunia, miguu yake mirefu imefungwa kwa vipande vya leso. Vilikuwa vipande safi. Kulikuwa na mtu aliyevibadilisha kila siku na kuosha vidonda kwa maji ya chumvi. Veronicah alifungua kimoja, akaona wayo, akakifunga. Hakukuwa na haja ya kufungua cha pili.

“Nisamehe,” Gitari alisema. “Siwezi kusimama.”

“Mama yako anakusalimu. Usijali kusimama.”

Runji alimvuta Veronicah kando. Alizungumza haraka, na maana yake ilikuwa kwamba amchukue sasa hivi, aende naye, na yeye atasema mtu alivunja dirisha akatoroka.

“Hapana,” Veronicah alisema. “Ukisema ametoroka watamtafuta, na wakimpata hawatampeleka kwa jaji. Mimi sina mamlaka ya kumbeba. Amri inasema aliye naye ndiye amlete, aseme kwa nini alimweka. Aliye naye ni wewe. Vaa kofia yako.”

Koplo alisimama pale akiishika kofia kwa mikono miwili.

“Nitafungwa, mama?”

“Sijui. Najua tu kwamba leo una mtu hai wa kumfikisha. Ukingoja hadi kesho, sijui utafikisha nini.”

Akaivaa. Wanjugu alikuwa ameshatoa godoro la kitanda chao wenyewe na kulitandika nyuma ya pikapu. Alipanda bila kuuliza mtu, akaketi, akakiweka kichwa cha Gitari mapajani. Hakuna aliyemwambia ashuke, kwa sababu kila mmoja alijua Inspekta angempata nyumbani kama angebaki. Jioni ile walifika hospitali ya misheni, na daktari akamtia mgonjwa dawa ya homa, akaandika alichokiona bila kupunguza wala kuongeza. Koplo Runji alilala kwenye benchi nje ya mlango wa wodi. Muuguzi alimletea blanketi, akidhani ni ndugu wa mgonjwa, naye hakumsahihisha.

Ijumaa asubuhi uwanja wa mahakama ulikuwa umejaa darasa la ngumbaru. Walikuwa wamekuja na Wanjira, wamevaa nguo za kanisani. Ndani, Inspekta Njoka aliketi mbele, sare yake imepigwa pasi hadi ikasimama peke yake. Wakili Munene alimweleza jaji kwamba Gitari amepatikana na yuko nje, ndani ya gari, kwa kuwa hawezi kupanda ngazi.

Wakili wa serikali alisimama. Alisema kwa heshima kwamba amri ilitaka mtu aletwe mbele ya jaji, na mbele ya jaji hapakuwa na mtu. Kwa vile anasemekana kuwa mgonjwa, serikali iliomba kesi iahirishwe hadi apate nafuu.

“Hadi apate nafuu,” jaji alirudia. Alikuwa mtu mzee, mwenye kusema polepole. “Yaani hadi miguu ipone.”

“Sikusema miguu, mheshimiwa.”

“Hapana. Nimesema mimi.”

Alivua miwani, akaifuta, akainuka. Karani alidhani amemaliza na akaita watu wasimame, lakini jaji hakuelekea chumbani kwake. Alishuka kutoka kwenye kiti, akapita katikati ya mabenchi akiwa na joho lake, akatoka mlangoni, akashuka ngazi. Mahakama nzima ilimfuata, wengine bila kuelewa, na kina mama uani wakampisha.

Gitari alipoona joho alikataa kulala. Runji na Veronicah walimsimamisha kando ya pikapu, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile. Jaji aliomba vitambaa vifunguliwe. Alitazama wayo wa kwanza, akatazama na wa pili, akachukua muda.

“Huyu alikuwa na nani?” aliuliza.

Inspekta Njoka alikuwa akiitazama bendera.

“Na mimi, mheshimiwa,” alisema Koplo Runji.

Jaji alimgeukia. Alimwonya kwamba halazimiki kusema neno lolote linaloweza kumtia hatiani, na kwamba ana haki ya kungoja awe na wakili. Alimwambia hayo kwa upole uleule aliotumia kwa yule mwenye vidonda.

“Nimesikia,” Runji alisema. “Nililetewa Jumamosi na Inspekta Njoka, mwenyewe, kwa Landrova ya Ndatuni. Mwalimu alikuwa ameshapigwa. Niliambiwa nimweke hadi miguu ifunge. Nilijua si halali, nikamweka.”

Mutugi, yule dereva mwenye mvi, aliyekuwa amesimama nyuma ya mkubwa wake, alipiga hatua mbele na kusema kwamba Landrova aliiendesha yeye, na kwamba koplo amesema kweli.

Jaji alitoa uamuzi wake palepale, karani akiandika juu ya bodi ya pikapu. Hakuna sheria ya nchi hii, alisema, iliyomruhusu mtu yeyote kumweka Gitari ghalani, na sheria ambazo nchi imezikubali mbele ya mataifa mengine hazikuandikwa ili zikae Nairobi. Inspekta Njoka asiondoke. Arudi ndani akaieleze hati yake ya kiapo, na afikirie kutafuta wakili. Koplo naye angejibu kwa wakati wake. Kisha akamtazama mwalimu.

“Gitari, uko huru kuanzia sasa.”

Koplo Runji alikuwa askari kwa miaka mingi, na askari akisikia maneno hayo huondoa mkono wake. Akauondoa. Gitari akayumba, na Wanjira akatoka katikati ya wenzake akikimbia.

“Usiniachilie sasa, Koplo,” Gitari alisema. “Miguu bado haijapata habari.”

Runji akarudisha mkono.